Filamu Yetu Itafika Wapi?

Mazungumzo na viongozi wa kamati za waliohama na familia zinazowapokea, Bukavu

 

Mmeniomba niwaeleze mambo mawili: vifaa gani vinaweza kununuliwa kwa pesa kidogo ili vijana wenu wapige filamu juu ya maisha ya waliohama, na namna gani filamu hiyo itawafikia watu. Nitaanza na hilo la pili. Karibu kila kikundi huanza na kamera. Mimi pia nilianza na kamera, na kosa langu lililipwa na mtu mwingine.

Mwaka 2016, nikiwa nimetoka chuo kikuu hivi karibuni, tulipiga filamu fupi Kalehe juu ya ugomvi wa mashamba. Mama mmoja mjane alituonyesha mpaka wa shamba lake, akamtaja kwa jina jirani aliyeusogeza wakati yeye yuko ukimbizini. Nilimwuliza: "Mama, unakubali tukupige picha?" Akakubali. Tukaonyesha filamu kijijini, pande zote mbili zikiwepo, na mazungumzo yakaenda vizuri. Nikarudi Bukavu nikijisifu.

Usiku ule wa maonyesho kijana mmoja aliomba nakala kwenye kadi ya telefoni yake, nikampa. Baada ya miezi mitatu niliikuta filamu ile katika nyumba moja ya kuchaji telefoni hapa mjini, inauzwa pamoja na nyimbo. Mtu alikuwa ameikata. Sehemu ya mapatano haikuwemo. Ilibaki ile dakika ambapo mama anamtaja jirani. Watoto wa jirani waliiona hivyo, wakaona baba yao ametukanwa mbele ya nchi nzima. Mama yule akahama mara ya pili, safari hii kwa sababu yangu. Ilichukua wazee karibu mwaka mzima kumrudisha.

Nilimwuliza kama anakubali picha. Sikumwuliza kama anakubali picha hiyo ifike Bukavu, Goma, au Kinshasa. Hayo ni maswali mawili tofauti.

Kwa hiyo, kabla ya kununua hata kadi moja, kamati ikae na kila atakayepigwa picha na kumwambia wazi: filamu itaonyeshwa mahali hapa na hapa, watakuwepo watu fulani, na ikiponyoka inaweza kufika hata kwa yule unayemwogopa. Mpeni siku mbili za kufikiri. Mwulizeni tena akiwa peke yake, bila shefu na bila mume. Tangu vita vilipoingia mjini Bukavu Februari 2025, swali hili limekuwa zito zaidi, maana mtu anayesimulia leo hajui nani atakayekuwa mbele ya mlango wake kesho.

Na akitaka kujificha, afichwe tangu mwanzo. Vijana husema, "Tutafunika uso kwenye kompyuta." Lakini picha ya kwanza, yenye uso, bado iko kwenye kadi, na kadi hupekuliwa njiani. Pigeni mikono inayochambua maharagwe, au kivuli ukutani. Kumbukeni kwamba sauti nayo hutambulika, hata mti mkubwa ulio nyuma ya nyumba, hata sare ya shule ya mtoto. Niliwahi kuona filamu ambamo kila uso umefichwa vizuri, na jina la kanisa limeandikwa ukutani kwa herufi kubwa.

Sasa vifaa. Telefoni ambayo kijana wenu anayo inatosha kwa picha. Msiuze mbuzi kwa ajili ya kamera. Dieudo Hamadi wa Kisangani alishika kamera yake mwenyewe alipotengeneza Maman Colonelle, filamu ya 2017 juu ya kolonali wa polisi Honorine Munyole, mama ambaye wengi hapa Bukavu wanamkumbuka kabla ya kuhamishiwa Kisangani. Filamu hiyo ilipata tuzo kubwa katika tamasha la Cinéma du Réel huko Paris. Nguvu yake inatoka katika kukaa karibu na watu na kuwasikiliza.

Pesa ya kwanza itumike kwa sauti. Mtu huvumilia picha mbaya, lakini asiposikia maneno, huondoka. Nunueni mikro ndogo ya waya ya kubana kwenye kitenge au shati, pamoja na visikilizio vya masikio. Kama hamna mikro, telefoni ya pili iwekwe mfukoni mwa msemaji, inase sauti, na mwanzoni mtu apige kofi moja mbele ya kamera ili baadaye sauti na picha vilinganishwe pale kofi linaposikika. Mvua ikianza kupiga mabati, simameni mnywe chai. Na sikilizeni mlichonasa kabla ya kuondoka, kwa sababu kumrudia mama na kumwambia "sema tena ulivyofiwa" ni kumtesa.

Wekeni telefoni katika hali ya ndege, la sivyo mtu atapiga simu katikati ya ushuhuda. Msemaji akae akitazama dirisha au mlango, mwanga umwangukie usoni.

Kadi nazo zina mambo yake. Dakika moja ya picha za 1080 inaweza kula hadi megabaiti 130, kutegemea telefoni. Kadi ya gigabaiti 32 basi itawapa karibu saa nne. Mkichagua 4K, kadi ileile yaweza kujaa ndani ya saa moja na nusu, na kwenye kitambaa cheupe kijijini hakuna atakayeona tofauti. Sokoni kuna kadi za uongo zilizoandikwa 64 lakini ndani ni 8. Zinapokea kila kitu bila kulalamika, kisha picha za mbele hazionekani tena. Ijazeni kadi mpya yote kwa nyimbo, muifungue hadi faili ya mwisho, ndipo muiamini.

Wekeni nakala mbili, kila moja katika nyumba yake. Huko Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa pesa kidogo sana, kwa kompyuta alizojiundia kwa vipuri. Filamu hiyo ilijulikana dunia nzima. Lakini alihitaji nafasi kwa kazi nyingine, akafuta filamu ya asili. Kilichobaki ni nakala yenye sauti ya mchekeshaji anayesimulia juu yake. Yeye alipoteza filamu ya mchezo. Nyinyi mnashika ushuhuda.

Nabwana ana somo lingine, la uuzaji. Waigizaji wake walizunguka wenyewe nyumba hadi nyumba kuuza DVD, wakikimbizana na wanaonakili. Hata filamu za Tanzania, ambazo tulizitazama sana hapa wakati wa Kanumba, ziliumizwa na nakala za bure. Basi sitawadanganya: filamu ya amani haitalisha familia. Vijana wanaotaka mkate wapige picha za harusi na matanga kwa mikro ileile, na sehemu ya malipo inunue kadi za kamati.

Njia yetu kubwa ya kufikisha filamu bado ni kukusanya watu. Fighting the Silence, filamu ya mwaka 2007 ya Ilse na Femke van Velzen wa Uholanzi juu ya wanawake waliobakwa, ilitembezwa vijijini mashariki mwa Kongo kwa sinema ya kuhamahama, na ile ya 2009, Weapon of War, ilionyeshwa hata kwa wanajeshi. Kinachohitajika ni projekta ya kuazima, shuka nyeupe iliyonyooshwa vizuri, na jenereta iliyowekwa mbali, nyuma ya nyumba, kwa waya mrefu, isimeze sauti. Kwetu giza huingia baada ya saa kumi na mbili jioni. Kama usiku si salama, onyesheni mchana ndani ya chumba, blanketi zikiziba madirisha, watu 20 kwa zamu. Kwa kweli mimi napenda zaidi hao 20. Kwenye umati wa watu 500 hakuna mazungumzo, kuna kelele tu.

Omba ruhusa mapema. L'homme qui répare les femmes, filamu juu ya Daktari Mukwege wetu wa Panzi, ilikatazwa nchini Septemba 2015, ikaruhusiwa Oktoba. Kama hiyo ilizuiwa, yenu pia inaweza. Nendeni kwa shefu na mwambieni filamu inasema nini.

Halafu lugha. Kuna Mashi, Kihavu, Kilega, Kifuliiru, Kinyarwanda, na chumbani wote wamekaa pamoja. Mtafsiri mwenye mikro anafaa. Watanzania walimpenda Lufufu kwa sababu alitia chumvi juu ya filamu za kigeni, lakini katika filamu ya ugomvi wa shamba chumvi hiyo ni petroli. Mtafsiri aitazame filamu kwanza mbele ya watu wawili, mmoja wa kila upande.

Mwisho, tengenezeni filamu mbili kutoka kazi moja. Ya kwanza, yenye majina na nyuso zilizokubali, ikae kwa kamati na ionyeshwe tu mkiwepo. Hiyo msimpe mtu hata akilia. Ya pili iwe ya kusafiri, isiyo na neno litakaloumiza mtu hata likikatwa vipande. Hiyo ipelekeni wenyewe kwenye nyumba za kuchaji, kwa MP4, iwe ndogo ili ifunguke kwenye telefoni ya bei ya chini. Faili ikizidi gigabaiti 4, fleshi nyingi zitaikataa.

Mama yule wa Kalehe, alipokuwa amerudi, nilikwenda kumwomba msamaha. Alinipa ugali, kisha akasema nipige filamu upya, ila safari hii nimpige akilima, mgongo tu, na maneno ayachague yeye. Tulifanya hivyo. Jirani aliitazama kabla ya watu wengine, akakaa kimya, kisha akauliza kwa nini yeye naye hakuulizwa. Naye tulimpiga.

Ofisini tuna telefoni moja, mikro mbili na projekta ya kuazimisha. Kamati inayotaka ilete vijana wawili, mmoja aliyehama na mmoja mwenyeji, pamoja na daftari lenye majina ya walioulizwa na majibu yao, wakiwemo waliokataa.