Somo la Kiingereza: Kivumishi "Wild"

Mnaotusikiliza kutoka Yaeda Chini, kule Mbulu, mifano ya leo ni ya kwenu. Kivumishi chetu ni "wild". Tamka "waild", si "wilidi".

Kwa mnyama au mmea, "wild" ni wa porini au mwitu: hakufugwa wala kupandwa na mtu. Mbuzi wa mfugaji wa Kidatoga ana zizi na ana mwenyewe, digidigi hana. Huyo ni "a wild animal". Wanafunzi wengi hudhani ni lazima mnyama awe mkali. Hapana. Digidigi hutimua mbio akisikia kijiti kikivunjika, lakini bado ni "wild". Fahali wa zizini anayepiga watu pembe, huyo mwite "fierce".

Tuje kwenye asali. Mhadzabe, mtu wa jamii ya wawindaji na wakusanyaji wa Yaeda Chini, hupigilia vigingi kwenye shina la mbuyu, akapanda kigingi kwa kigingi hadi kwenye tundu la nyuki, akawafukiza moshi, akapakua. Hiyo ni "wild honey". Kumbuka, kwa Kiingereza kivumishi hutangulia nomino. Ukisema "honey wild" umekosea.

Tena, "wild dog" si mbwa yeyote anayezurura. Ni mbwa mwitu, yule mwenye mabaka anayewinda kwa kundi. Mbwa koko wa sokoni ni "stray dog".

Sasa tahadhari. Ukisema mtoto ni "wild", una maana ni mtundu asiyekanyika. Ukiliita kabila la watu hivyo, umewatukana. Ni sawa na kuwaita washenzi. Mizizi, ubuyu na asali ya Mhadzabe ni "wild food", sawa kabisa. Yeye mwenyewe usimwite hivyo. Wala pori likiitwa "wild" usidhani halina wenyewe: mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda Chini walipata hati miliki ya kimila ya ardhi yao.

Zoezi sasa, shika kalamu. Andika kwa Kiingereza: matunda ya porini, nguruwe mwitu, mbwa koko, fahali mkali. Mawili kati ya hayo hayataki "wild". Ukiyajua, mweleze na jirani yako sababu. Majibu tutayasahihisha pamoja kipindi kijacho. Kwaheri.