Kota, Maharage na Mafuta ya Damu

Mchana Soweto, foleni kwenye vibanda vya kota haikatiki. Kota ni robo ya mkate iliyochimbwa katikati, ikashindiliwa chipsi, poloni, jibini na yai, achari juu. Inashibisha, na bei yake mfanyakazi anaimudu. Kumwambia mteja huyo ahamie mafuta ya zeituni na samaki wa bei mbaya ni kumtania.

Tena hana haja navyo. Tangu miaka ya 1940, Alexander Walker, mtafiti wa Johannesburg, aliwachunguza Waafrika waliokula unga wa mahindi usiokobolewa sana, maharage na mboga za majani, yaani morogo. Lehemu yao, yaani kolesteroli, ilikuwa chini, na maradhi ya mishipa ya moyo yalikuwa nadra kwao. Mwaka 1972 yeye na Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda miaka mingi, walichapisha utafiti kuhusu nyuzinyuzi za chakula. Walipima hadi uzito wa choo, bila haya.

Siri imo tumboni. Nyuzinyuzi laini za maharage hunasa nyongo na kutoka nayo. Ini hulazimika kutengeneza nyingine, na malighafi yake ni lehemu, ambayo huivuta kutoka kwenye damu. Kwa hiyo sahani ya umngqusho, ndugu wa makande, inafanya kazi ambayo kota haiwezi, mradi isizamishwe kwenye mafuta.

Hapo ndipo Wakongo wa Yeoville, mtaa wa Johannesburg, wanapoponzwa. Sombe, yaani kisamvu, ya soko la Rockey Street haina ubaya. Tatizo ni mawese yanayoelea juu yake, ambayo karibu nusu ni mafuta ya aina inayopandisha lehemu mbaya. Vijiko viwili kwa sufuria vinatosha. Sardini wa kopo, wanaopatikana hata kwenye duka la mtaani, husaidia kushusha trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu. Soda na bia huzipandisha.

Lakini chakula kina mpaka wake. Mwaka 1980 Profesa Harry Seftel na wenzake wa Johannesburg walieleza habari za wagonjwa, wengi wao Waafrikana, yaani Wazungu wanaozungumza Kiafrikana, waliorithi lehemu ya juu kutoka kwa wazazi wote wawili. Kwa watu kama hao maharage peke yake hayafui dafu; wanahitaji dawa.

Lehemu ikizidi haiumi. Mwenye baba au kaka aliyepatwa na mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55 asisubiri dalili: aende kliniki, apimwe damu.