Maji Mepesi, Maji Mazito

Msikilizaji, maji yakipata joto hutanuka na kuwa mepesi. Yakipoa huwa mazito na kuzama. Sifa hiyo ndiyo inayoamua kama dagaa wa Ziwa Tanganyika watapata chakula. Ziwa hilo lina kina cha takriban mita 1,470, lakini oksijeni huishia kwenye mita 100 hadi 200 za juu, kwa sababu maji ya juu yenye joto huelea juu ya yale ya chini yaliyo baridi kidogo, na matabaka hayo hayachanganyiki kwa urahisi. Virutubisho vimelala chini. Upepo wa kusini, wakati wa kiangazi, ndio unaovipandisha. Mwani huota, viumbe wadogo huula, na dagaa huwala viumbe hao.

Wapo wanaosema samaki wamepungua kwa sababu ya uvuvi tu. Uvuvi uliopitiliza ni tatizo la kweli, wala sitetei nyavu haramu. Hata hivyo, watafiti waliochimba tope la sakafu ya ziwa walikuta mabaki ya samaki yameanza kupungua kabla ya uvuvi wa kibiashara wa miaka ya 1950, sambamba na kupanda kwa joto la maji. Kupumzisha ziwa, yaani kusitisha uvuvi kwa muda, kunasaidia; ila joto la dunia lisipodhibitiwa, upepo utazidi kushindwa kuyachanganya maji hayo.