Kuhara Damu Kusikokoma: Chanzo na Tiba ya Uvimbe Sugu wa Utumbo



Mgonjwa akifika zahanati na kusema anaharisha damu, mara nyingi huandikiwa metronidazoli kabla hajamaliza kujieleza. Simlaumu mganga. Amiba ipo, bakteria wa kuhara damu wapo, na wanaoishi kando ya Ziwa Victoria wanakijua kichocho cha tumbo. Ninayemzungumzia leo ni yule anayerudi tena na tena. Amekonda, damu imempungukia, choo kimepimwa hakina mdudu, na bado anaongezewa dozi ileile. Kosa letu kwake ni kuacha kuuliza baada ya dawa hiyo kushindwa.

Uvimbe sugu wa utumbo una sura mbili kuu. Ya kwanza ni kolaitisi ya vidonda, iliyoelezwa na Samuel Wilks wa London mwaka 1859. Huanzia karibu na njia ya haja kubwa na kupanda ndani ya utumbo mpana bila kuruka mahali, ikichubua ngozi ya ndani tu. Ya pili ni ugonjwa wa Crohn, uliopata jina kutokana na makala ya Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer wa New York mwaka 1932, ingawa Kennedy Dalziel wa Glasgow alikwisha kuandika juu ya wagonjwa wa namna hiyo mwaka 1913. Huu hushika popote kuanzia mdomoni hadi mwisho wa utumbo, huruka sehemu nzima na kuziacha salama, nao hula ukuta wote. Ndiyo maana huleta fistula na kuziba kwa utumbo. Yote mawili si vile vidonda vya mfuko wa chakula tulivyovizoea, na omeprazoli haiyatibu.

Chanzo ni nini? Hakuna kimoja. Mwaka 2001 makundi mawili ya watafiti yaligundua kwamba mabadiliko katika jeni iitwayo NOD2 humfanya mtu awe rahisi kupata Crohn, na leo tunajua zaidi ya sehemu 200 za urithi zinazohusika. Hata hivyo, pacha mmoja wa kufanana akiugua kolaitisi, mara nyingi mwenzake haugui kamwe. Urithi hutayarisha njia tu. Kinachofuata ni kinga ya mwili kuwashambulia bakteria ambao siku zote huishi utumboni bila ugomvi, na mazingira yana mkono wake humo: vyakula vya viwandani, antibiotiki nyingi utotoni, sigara, ambayo huuzidisha sana ugonjwa wa Crohn. Si pilipili iliyouleta. Si jicho la mtu. Wala mgonjwa hakujiletea kwa mawazo, ingawa dhiki yaweza kumwongezea maumivu.

Denis Burkitt, aliyekuwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala, aliona kwamba magonjwa mengi ya utumbo yaliyojaa hospitali za Uingereza yalikuwa nadra kwa wagonjwa wake, akataja nyuzinyuzi za vyakula vyetu kuwa sababu. Kwa maoni yangu aliona sehemu ya ukweli. Watoto wa wahamiaji kutoka Asia ya Kusini waliozaliwa Uingereza huugua kama wenyeji, kwa hiyo ngozi na kabila havimkingi mtu. Na palipo na kamera ya utumbo na mtaalamu wa kusoma vinyama vinavyokatwa utumboni, ugonjwa ambao tuliambiwa haupo huonekana.

Sasa nifike kwenye jambo linaloninyima usingizi. Pale utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana, Crohn hupapenda, na kifua kikuu cha tumbo hupapenda vilevile. Homa ni zile zile, kukonda ni kule kule, na chini ya hadubini vyote viwili vyaweza kuonyesha vinundu vinavyofanana. Lakini prednisoloni, dawa ya steroidi inayomwinua mgonjwa wa Crohn, yaweza kumuua mwenye kifua kikuu. Kwa hiyo vinyama vikatwe, vipimwe vimelea vya kifua kikuu, mapafu yapigwe picha, hali ya VVU ijulikane. Tukishindwa kutenganisha, tunaanza dawa za kifua kikuu na kurudisha kamera baada ya miezi miwili au mitatu. Kujisikia nafuu peke yake hakutoshi. Vidonda vyenyewe vionekane vikipona.

Tiba imetoka mbali. Nanna Svartz wa Stockholm alikuwa anatafuta dawa ya ugonjwa wa viungo alipopata sulfasalazini, na mpaka leo dawa hiyo ya bei nafuu hutuliza kolaitisi isiyo kali. Mwaka 1955 Truelove na Witts walithibitisha nguvu ya kotisoni, ambayo nayo ni steroidi. Steroidi ni za kuzima moto, si za kukaa nazo: zikizoeleka hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari. Azathioprini huchukua nafasi yake, ila huchelewa hata miezi mitatu, na chembe za damu lazima zipimwe mara kwa mara. Infliksimabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa ajili ya Crohn, huzuia kemikali ya kinga iitwayo TNF. Kemikali hiyohiyo ndiyo inayovifungia vimelea vya kifua kikuu vilivyolala mwilini. Katika nchi zetu, kumchoma mtu sindano hiyo bila kumpima kwanza ni hatari isiyosameheka. Upasuaji wa kuondoa utumbo mpana humaliza kolaitisi. Crohn huweza kurudi kando ya mshono.

Wasichana wanaougua huuliza swali moja kabla ya yote: nitazaa? Wengi huzaa salama, hasa mimba ikishika wakati ugonjwa umetulia kwa miezi kadhaa. Sulfasalazini na azathioprini huendelea kutumika katika ujauzito, ya kwanza ikiambatana na asidi ya foliki. Methotreksati, dawa nyingine ya kutuliza kinga, lazima iachwe miezi kadhaa kabla, maana humdhuru mtoto tumboni. Anayetupa dawa zote kwa hofu, ugonjwa ukaamka, yumo katika hatari kubwa zaidi ya kujifungua kabla ya wakati kuliko aliyeendelea kuzimeza. Mazungumzo hayo yaanze kliniki, kabla ya mimba, na mume awepo ikiwa mgonjwa mwenyewe anataka.