Gesi ya Majirani Wawili

Msumbiji iligundua gesi Pande mwaka 1961, Tanzania ikaipata Songo Songo mwaka 1974. Ikakaa ardhini miaka mingi. Mwaka 2004 nchi zote mbili zikafungua mabomba: gesi yetu ikaja Dar es Salaam kufua umeme, yao ikaenda Afrika Kusini. Kuanzia 2010 ndipo bahari kuu ilipofichua utajiri wenyewe. Leo Tanzania inahesabu futi za ujazo trilioni 57, Msumbiji zaidi ya 100. Na pamoja na vita vya mkoa wao wa Cabo Delgado, Novemba 2022 shehena yao ya kwanza ya gesi ya kimiminika iling'oa nanga. Mradi wetu wa gesi ya kimiminika wa Lindi ungali kwenye mazungumzo, na mama wa Lindi bado anapepea jiko la mkaa. Serikali ihitimishe mazungumzo hayo, na mkataba wananchi wauone.