Nani Amesema, Lini, na Amejuaje?

(Haya ni maneno yaliyotolewa katika kikao cha walimu, wazazi na wanafunzi wa shule za sekondari kambini. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Nimeombwa nizungumze juu ya kutafuta habari kwenye intaneti kwa ajili ya kazi za shule, na jinsi ya kuandika mahali habari hiyo ilikotoka. Najua baadhi ya wazazi watasema kuwa hilo ni la walimu, wao limewahusu nini. Linawahusu. Simu ambayo kijana wako anatafutia habari za somo la historia ndiyo hiyo hiyo inayoleta nyumbani kwako ile fomu ya kwenda Kanada. Akizoea kuuliza maswali darasani, atayauliza na nyumbani.

Nianze na swali dogo. Meli ya Liemba ilijengwa mwaka gani? Wengi wenu mnaijua. Mwezi Mei 2015 iliwabeba maelfu ya ndugu zetu Warundi kutoka Kagunga hadi bandari ya Kigoma. Wape wanafunzi swali hilo pamoja na simu moja, utaletewa majibu matatu: 1913, 1915 na 1927. Mwalimu mwenye haraka atatia vema moja na makosa mawili.

Lakini kila mwaka kati ya hiyo una habari yake. Meli ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kutoka hapo kwa reli hadi Kigoma. Huko iliunganishwa na kushushwa majini mwezi Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha walipokuwa wakiondoka. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena, safari hii ikiitwa Liemba. Kwa hiyo aliyeandika 1927 hakudanganywa na mtu. Amechukua tarehe ya jambo jingine akaipachika kwenye swali letu. Kosa la namna hii hutokea mara nyingi kwenye intaneti. Dawa yake ni moja: mwanafunzi asilete mwaka tu, alete pia sentensi aliyoukuta na jina la aliyeandika.

Sasa, wanafunzi wengi wakiulizwa wamepata wapi, hujibu: "Nimepata Google." Hilo si jibu. Ni sawa na mtu kusema, "Nimesikia sokoni." Soko halisemi, wanaosema ni watu waliomo sokoni, na kati yao wamo wakweli na wamo walevi. Google inakuonyesha njia ya kwenda kwa msemaji. Msemaji ni nani? Huyo ndiye wa kuandikwa.

Wala msidhani huu ni ugeni ulioletwa na kompyuta. Ndugu zetu Waislamu wanajua kwamba hadithi ya Mtume haipokelewi mpaka ijulikane isnadi yake, yaani fulani kaipokea kwa fulani, naye kwa fulani, na kila mmoja achunguzwe kama alikuwa mwaminifu. Wakristo nao wakifungua mwanzo wa Injili ya Luka watakuta mwandishi akieleza kwamba alichunguza mambo kutoka mwanzo, kwa waliyoyaona kwa macho. Tunachowafundisha vijana ni desturi hiyo hiyo, ila kwa simu.

Je, mwanafunzi atajuaje kama ukurasa aliouona ni wa kuaminika? Hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu mazoea ya wengi wetu ni mabaya. Tunautazama ukurasa wenyewe: una rangi nzuri, una nembo, Kiingereza chake ni kizuri, basi tunauamini. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Sam Wineburg na Sarah McGrew, walieleza jaribio walilolifanya na watu 45. Kumi walikuwa wanahistoria wenye shahada ya udaktari, 25 walikuwa wanafunzi wa chuo hicho, na kumi walikuwa watu ambao kazi yao ni kuhakiki habari. Wanahistoria na wanafunzi, pamoja na elimu yao yote, walidanganyika mara nyingi kwa nembo na kwa anwani yenye sura ya heshima. Walikaa ndani ya ukurasa wakiusoma kutoka juu hadi chini. Wahakiki wa habari walifanya kinyume. Walitupa jicho tu, wakatoka, wakaenda kuuliza kurasa nyingine: hawa ni akina nani? Walitumia muda mfupi zaidi na wakapata jibu sahihi zaidi.

Kwa Kigoma jambo hili ni rahisi kulielewa. Ukitaka kujua kama dagaa wa fulani ni wa leo, humuulizi fulani. Unauliza waliokwisha kununua kwake.

Kwa hiyo, ewe mwanafunzi, kabla ya kumaliza bando lako kwa kusoma ukurasa mrefu, chukua jina la shirika au la mwandishi, ulitafute peke yake, uone wengine wanasemaje juu yake. Ukikuta hakuna mwingine anayemjua, simama hapo.

Anwani ya ukurasa nayo inasaidia, ingawa si sana. Zinazoishia na .go.tz ni za serikali ya Tanzania, na .ac.tz ni za vyuo. Lakini .org inaweza kununuliwa na mtu yeyote, hata tapeli aliyejifungia chumbani kwake. Na ukiona herufi za shirika kubwa ndani ya anwani, usifurahi mapema. Tafuta ule mstari wa mshazari wa kwanza ulio peke yake baada ya jina, kisha soma kurudi nyuma. Anwani ya UNHCR ina unhcr.org mara kabla ya mstari huo. Kama kabla ya mstari kuna jina jingine, na "unhcr" imewekwa mbele au katikati kama pambo, basi hao si UNHCR.

Juu ya Wikipedia, walimu wengine huikataza kabisa. Mimi sikubaliani nao. Ilianza mwaka 2001, na ya Kiswahili mwaka 2003, na kwa mwanafunzi asiye na maktaba ni mahali pazuri pa kuanzia. Lakini ni pa kuanzia tu. Chini ya makala nyingi kuna orodha ya vitabu na kurasa zilizotumika. Huko ndiko kijana aende, na hicho alichokikuta huko ndicho akiandike. Makala isiyo na orodha hiyo iacheni.

Kuna na hizi programu mpya zinazojibu maswali kama mtu. Zinajibu kwa ufasaha, na kwa Kiswahili pia. Lakini ukiziomba zikutajie vitabu, zinaweza kukutungia jina la kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa. Juni 2023 jaji mmoja wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa sababu walipeleka mahakamani kesi zilizotungwa na programu ya namna hiyo. Kama wakili ameingia mtegoni, mwanafunzi wa kidato cha pili atanusurika vipi? Kanuni yetu iwe hii: usitaje chanzo ambacho hukukifungua na kukisoma wewe mwenyewe.

Nimefika kwenye tarehe, na hapa ndipo wazazi wanapoguswa zaidi. Rudini Kagunga, Mei 2015. Kipindupindu kilipoingia pale, idadi ya wagonjwa iliyotangazwa mwanzo wa wiki haikuwa ile ya mwisho wa wiki. Zote mbili zilikuwa za kweli siku zilipotangazwa. Mwanafunzi anayenakili namba bila tarehe amenakili nusu ya habari.

Na sasa mfano mchungu. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha mpango wa nchi yake wa kupokea wakimbizi, na amri hiyo ikaanza kutumika tarehe 27 mwezi huo. Karatasi na picha za miaka ya nyuma zinazoeleza mpango ule zimo bado katika simu za watu, na nyingine zilikuwa za kweli kabisa zilipoandikwa. Mtu huipokea leo, haoni tarehe, anauza mbuzi wake. Anayetaka kukuchukulia fedha hahitaji kutunga uongo. Inamtosha kuufuta mwaka.

Kwa ujumbe wa WhatsApp, angalieni ile mishale miwili inayoonekana juu ya maneno. Maana yake ni kwamba ujumbe umepita mikono mingi kabla ya kukufikia. Haimaanishi kuwa ni uongo, lakini inamaanisha kuwa aliyekutumia siye msemaji, hata kama ni mjomba wako unayemheshimu. Muulizeni kwa adabu: "Mjomba, wewe umeipata kwa nani?" Hakuna utovu wa heshima hapo.

Jinsi ya kuandika chanzo katika daftari. Vitabu vya shule vina mitindo mingi ya nukta na mabano, na mtihani ukidai mtindo fulani, ufuateni. Kwa kazi zetu za kawaida inatosha mstari mmoja wenye mambo matano: nani ameandika, kichwa cha alichoandika, mahali kilipotolewa, tarehe ya kuandikwa, na tarehe uliyosoma wewe. Kwa mfano ule wa juu, mwanafunzi ataandika hivi: Rais wa Marekani, amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, tovuti ya Ikulu ya Marekani whitehouse.gov, 20 Januari 2025, halafu siku aliyoisoma. Kama tarehe ya kuandikwa haipo, aandike "haina tarehe". Maneno hayo mawili yatamwonya mwalimu, na yatamwonya yeye mwenyewe. Maneno ya mwenyewe yaliyonakiliwa neno kwa neno yatiwe katika alama za kunukuu. Akiyaeleza kwa maneno yake, bado ataje yalikotoka.

Kuhusu zile fomu, sitasema mengi. Huduma za UNHCR na za mashirika yanayofanya kazi nayo ni bure: kuandikishwa, mahojiano, na makazi katika nchi ya tatu. Anayedai fedha, awe na kitambulisho au asiwe nacho, si wa kupewa. Msimpe na namba zenu za usajili wala picha za watoto. Ileteni fomu kwenye dawati la ulinzi, itazamwe.

Walimu, kama shule ina simu moja tu, inatosha. Mmoja asome kwa sauti, mwingine aandike ubaoni, darasa zima liulize: nani amesema, lini, na amejuaje? Anzeni na Liemba. Wiki inayofuata wapeni swali la pili: kambi yenu ilifunguliwa mwaka gani, na ni nani walioifikia kwanza? Watafute kwenye intaneti, kisha waende kwa mzee aliyekuwapo. Mzee naye ni chanzo, aandikwe kama wengine, pamoja na siku waliyozungumza naye. Lakini waombe ruhusa kwanza. Asipotaka jina lake liandikwe, waandike "mzee aliyefika kambini" na mwaka aliofika, na daftari hilo lisipigwe picha wala kutumwa kwa simu.