Majina Yasiyo Kwenye Kibao

 

Nimeombwa niseme machache juu ya kumbukumbu za kwaya. Nitaanzia mbali, mnivumilie.

Huko Savannah, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, kuna kanisa la Kipresbiteri lililoanzishwa mwaka 1755 na watu wa imani ya Kanisa la Scotland. Ni jamaa zetu hao, kwa kuwa Wascoti ndio waliofika Kibwezi mwaka 1891, wakahamia Thogoto mwaka 1898, na PCEA ikatokana na kazi yao. Nje ya kanisa la Savannah pamewekwa kibao cha historia. Kinamtaja mchungaji wa kwanza, John J. Zubly, na jengo lililowekwa wakfu mwaka 1819 mbele ya Rais James Monroe. Jengo hilo liliteketea mwaka 1889, na lililopo sasa likakamilika mwaka 1891.

Lakini mimi navutiwa zaidi na karani mmoja wa benki. Lowell Mason alikuwa akihesabu pesa mchana, na Jumapili alikuwa kwenye kinanda cha kanisa hilo na waimbaji wake. Mwaka 1822 nyimbo alizokusanya zilichapishwa kule Boston bila jina lake mbele, maana hakutaka watu wa benki wamjue kama mwanamuziki. (Sisi tunaotoroka kazini saa kumi na moja tuwahi mazoezi, tunamwelewa kabisa.) Mwaka 1824, akiwa bado Savannah, alitoa tuni iitwayo Hamburg, ambayo wengi huiimba kwa maneno ya Isaac Watts kuhusu msalaba. Ina noti tano tu. Hata yule asiyefika juu anaiweza, lakini jaribuni kuiimba polepole bila kinanda muone kama besi hawatashuka! Tuni ya "Karibu na Wewe", tunayowasindikizia wapendwa wetu makaburini, pia ni yake, ya mwaka 1856.

Sasa, ni nani walioimba chini ya Mason? Soprano wake walikuwa akina nani? Kibao hakisemi. Na Savannah ya siku hizo ilikuwa mji wa watumwa. Watu wa asili yetu walifanya kazi humo bila mshahara, na majina ya wengi wao hayakuandikwa popote isipokuwa kwenye hesabu za mabwana zao. Kibao kina nafasi ya rais aliyekuja siku moja.

Nasi tuna deni kama hilo. Kamati ilipotayarisha kijitabu hiki tulipata majina ya wachungaji wote na ya walimu wote wa kwaya. Ya waimbaji wa miaka kumi ya kwanza tulipata machache mno, kwa sababu daftari la mahudhurio lilinyeshewa stoo na kurasa zikagandana. Picha ya kwanza mnaiona hapo katikati: watu ishirini na wawili, na tunawajua tisa.

Baada ya ibada, picha hiyo itakuwa mezani karibu na mlango wa sakristia, imekuzwa, pamoja na daftari jipya na kalamu. Nawaomba wazee wetu mpite hapo kabla ya chakula. Tuanze na yule mama wa safu ya nyuma, mwenye kitambaa cheupe.